Mbaazi una haki ya kulitaja jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja iliyotolewa humo humo na msomaji mwenzangu wa Unguja, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu ninachopinga ni kauli yake, si yeye mwenyewe. Akizungumzia nchi za Afrika zilizoruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa au nyuzi, kama Lesotho iliyoanza kutoa leseni mwaka 2017 na Malawi iliyopitisha sheria yake mwaka 2020, alieleza kwamba mmea huo hauchagui pahala, kwamba penye jua na mvua huota na kuchanua, na kwamba mbegu za katani za Ulaya zingeletwa leo zingestawi katika visiwa vyetu kama yanavyostawi mahindi. Suala la sheria siliingii. Sheria ya Zanzibar inaukataza mmea huu, nami niliyesomesha vijana kwa miaka mingi na kuwaona baadhi yao wakiharibikiwa kwa kuuvuta sina haja ya kuuona umepandwa nyuma ya nyumba ya mtu yeyote. Ninachotaka kukisahihisha ni ile sayansi, kwa kuwa kosa alilolifanya ndugu yetu kuhusu bangi ndilo hilo hilo tunalolifanya kila mwaka kuhusu mpunga, mbaazi na soya, na huko ndiko linakotutia hasara.

Wazee wetu walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii tunaitumia kumsuta mtu anayekimbia lawama zake na kumtupia mwingine, na kwa kazi hiyo ni methali nzuri sana. Lakini tukiichukua kwa maneno yake yenyewe, mbaazi haukusema uongo. Mbaazi wetu wa kienyeji, ule wa muda mrefu, ni mmoja wa mimea inayongoja siku zipungue ndipo itoe maua, na joto kali nalo huuchelewesha, kwa hiyo unapolitaja jua unataja sababu ya kweli. Kitu pekee ambacho methali haikukitia ni shahidi wa pili, nacho ni urithi: kila mmea umezaliwa na kipimo chake cha kulisoma jua, ukakipata kwa baba na mama, na mimea miwili ya aina moja iliyosimama kwenye konde moja inaweza kulisoma jua lile lile kwa namna mbili tofauti. Ua hutoka pale mashahidi hawa wawili wanapokubaliana.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu majina, maana yanachanganya. Neno bangi lilitufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari, na mtu akilisikia huwaza moshi na mahakama. Neno katani kwa wengi wetu ni nyuzi za mkonge wa Tanga, ingawa kwenye vitabu hutumika pia kwa mmea unaotoa nyuzi za kamba na nguo huko Ulaya na China. Katani hiyo ya Ulaya na bangi ya kuvutwa ni mmea mmoja, Cannabis sativa, kama Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alivyouita mwaka 1753, na kinachozitenga kisheria katika nchi nyingi ni kiasi cha kemikali ya kulevya iitwayo THC. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2018 huhesabu kuwa ni katani mmea ambao kemikali hiyo haizidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu. Kwa kuutazama tu shambani mtu hawezi kuapa ni upi. Kwa upande wa maua, hata hivyo, zote mbili hufuata kanuni moja.

Inafaa wasomaji wajue kwamba siri ya urefu wa siku ilianza kufichuka kwa kupitia mmea huu huu. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mfaransa mmoja, Julien Tournois, alikuwa akichunguza katani pamoja na hopu ya Kijapani, mtambaazi wa ukoo mmoja na bangi. Aliona jambo la ajabu: mbegu alizozipanda ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi, siku zilipokuwa fupi, zilitoa miche iliyochanua ingali midogo mno, wakati mbegu za aina ile ile zilizopandwa nje wakati wa kuchipua zilirefuka kwa miezi kabla ya kuonyesha ua. Akajaribu kuikata mimea mwanga kwa saa kadhaa kila siku, nayo ikawahi kuchanua. Alichapisha matokeo yake ya mwanzo mwaka 1912, na mwaka 1914 akaandika kwamba kinachoihimiza mimea ile si sana kufupika kwa mchana bali ni kurefuka kwa usiku. Kijana huyo aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, kazi yake ikabaki pale alipoiacha. Sijui kama kuna mwanafunzi wetu aliyepata kulisikia jina lake darasani, nami naona ni dhulma, kwa sababu sentensi yake ile ya mwisho ilikuwa sahihi robo karne kabla ya wengine kuithibitisha.

Sifa zilikwenda kwa Wamarekani wawili, Garner na Allard, ambao mwaka 1920 walichapisha uchunguzi wao wa tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka majira yote ya joto bila kutoa ua hata moja, na ikichanua vizuri ikiwa ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi. Walikuwa pia na soya iitwayo Biloxi, ambayo hata wakiipanda kwa zamu, wiki hizi na wiki zile, ilichanua yote karibu wakati mmoja, kana kwamba mimea ilikuwa imepeana miadi. Walijaribu joto, maji na mbolea, wakayatoa moja baada ya jingine, mpaka ikabaki urefu wa mchana peke yake. Wao ndio waliotupa mafungu tunayoyafundisha hadi leo: mimea ya siku fupi, kama bangi, soya, mbaazi na mpunga mwingi; mimea ya siku ndefu, kama ngano na mchicha wa Ulaya; na mimea isiyojali urefu wa siku, kama nyanya.

Majina hayo ya siku fupi na siku ndefu yamezoeleka, lakini yanapotosha kidogo. Mwaka 1938 watafiti wawili, Hamner na Bonner, walionyesha kwamba mmea wa siku fupi, ukikatizwa giza lake la usiku kwa mwanga wa dakika chache tu, hukataa kuchanua, ilhali ukikatizwa mchana wake kwa giza haujali. Kwa hiyo kinachopimwa ni usiku usiokatizwa. Katika jani kuna protini inayoitwa fitokromu, ambayo mwanga mwekundu huigeuza iwe na sura moja, na giza huirejesha taratibu katika sura nyingine. Kazi hiyo iliwekwa wazi na watafiti wa Beltsville, Marekani, katika miaka ya 1950. Jani lina pia saa yake ya ndani, inayozunguka kwa karibu saa 24 hata mmea ukiwekwa gizani moja kwa moja. Fitokromu huliambia jani kwamba mwanga upo au haupo, saa ya ndani huliambia ni wakati gani, na kutokana na habari hizo mbili jani hukadiria urefu wa usiku. Likiridhika, hutengeneza ujumbe wa protini unaosafiri ndani ya mishipa ya mmea hadi kwenye ncha ya tawi, na ncha iliyokuwa ikitoa majani hugeuka ikaanza kutoa maua. Mwarmenia wa Urusi ya Kisovieti, Chailakhyan, aliubashiri ujumbe huo katika miaka ya 1930 na kuupa jina la florijeni, wenzake wengi wasimsadiki, na mwaka 2007 ndipo ilipothibitishwa kwa mpunga, na kwa mmea mwingine mdogo wa maabara, kwamba ujumbe ni protini inayoandikwa na jeni moja inayojulikana, yaani kipande kimoja cha maagizo ya urithi. Jeni za ukoo huo huo zimo pia ndani ya bangi.

Kuhusu usiku uliokatizwa ninao ushahidi wa macho yangu. Miaka michache nyuma, kando ya bonde tunalolima mpunga hapa Wete, mtu mmoja alijenga ghala na kutundika taa kubwa ya ulinzi iliyowaka usiku kucha na kumulika bonde. Mpunga wetu ni wa mbegu ya zamani, tuliyoirithi kwa wazee, na msimu ule ulibeba mimba na kutoa suke bonde zima isipokuwa kipande kimoja chenye umbo la nusu duara, ambacho kiini chake kilikuwa ni ile taa. Mle ndani mpunga ulisimama kijani kibichi, mrefu, wa kupendeza, bila suke. Wengine walisema ni mbolea iliyozidi, wengine wakataja husuda, na mama mmoja mwenye konde pale aliacha hata kupita njia hiyo. Tulipovuna kwingine, kipande kile kilikuwa bado kichanga, na kilipokuja kuiva peke yake ndege wote wa bonde walikihamia, yule mama asipate hata pishi mbili. Msimu uliofuata nilimwendea mwenye ghala nikamweleza, nikamwomba azibe upande wa bonde kwa kipande cha bati. Alikubali, na mpunga wa pale ukachanua siku moja na wenzake. Mtu anaweza kuuliza: na mbalamwezi je? Mwezi, hata ukiwa mpevu, mwanga wake ni hafifu mno kuivuruga mimea mingi, na mimea imeishi nao tangu kuumbwa. Taa ya umeme iliyo hatua 20 kutoka kwenye shina ni jambo jingine.

Sasa nije kwenye urithi, ambako ndugu yetu wa Unguja alipita mbio. Kila aina ya mmea wa siku fupi ina kikomo chake, yaani ule urefu wa mchana ambao ukizidi hapo mmea hukawia kuchanua au hukataa kabisa. Kikomo hicho hakiwi kimoja kwa bangi yote duniani. Katani za nyuzi za Ulaya zilizopimwa zimeonyesha kikomo kilicho karibu na saa 14 za mchana. Mkulima wa huko hupanda mbegu yake mwezi wa Aprili au Mei, wakati siku tayari ni ndefu na zinazidi kurefuka. Mmea hurefuka kwa nguvu kupita Juni na Julai, na mchana unaposhuka tena kuelekea kikomo kile ndipo hufunga safari ya kimo na kuanza maua. Nyuzi ndefu zimetokana na miezi hiyo ya kungoja. Katani ya Finland huchanua mapema kuliko ya Ufaransa na Hungaria, kwa kuwa majira ya joto ya kaskazini kabisa ni mafupi na mmea unaochelewa hukutwa na baridi kabla ya kukomaza mbegu. Karne kwa karne, iliyochelewa haikuacha kizazi. Bangi za kale za nchi za karibu na Ikweta ni kinyume chake: hukaa muda mrefu zikikua, hurefuka sana, na huchanua taratibu, kwa sababu zimerithi subira ya kuishi mahali ambapo usiku ni mrefu mwaka mzima. Ukizipeleka kaskazini zitarefuka mpaka baridi iziue kabla ya kutoa mbegu.

Lipo kundi la tatu ambalo halitazami kikomo chochote. Mwaka 1924 mtaalamu wa Urusi, Janischewsky, alieleza bangi-mwitu ndogo ya nchi yake, akaiita Cannabis ruderalis, na wengine hadi leo hubishana kama ni aina peke yake au ni tawi tu la ile ya Linnaeus. Sifa yake ni kwamba huchanua kwa umri: wiki kadhaa baada ya kuota hutoa maua, siku ziwe ndefu au fupi. Wazalishaji wa mbegu waliichanganya na nyingine, wakagundua kwamba sifa hiyo kwa sehemu kubwa hubebwa na jeni moja inayojificha. Ukimzalisha mzazi anayengoja usiku mrefu na mzazi anayechanua kwa umri, watoto wa kwanza kwa kawaida hufuata zaidi yule anayengoja. Ukiwazalisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe, takriban mmoja katika kila wanne huibuka na sifa ya babu. Ni hesabu ile ile ya njegere za Mendel tuliyowafundisha wanafunzi wa kidato cha nne, na mwanafunzi aliyeikariri bila kuielewa angeielewa hapa mara moja. Jinsia nayo ni ya urithi, kwani bangi kwa kawaida ina mti dume na mti jike, ukiongozwa na kromosomu za X na Y kama mwanadamu, na dume hutangulia kuchanua kwa siku kadhaa.

Nikumbushe tu kwamba mambo si meusi na meupe. Mwaka 2019 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba hata katika siku ndefu mmea jike uliokwisha kukua hutoa maua mojamoja makwapani mwa majani. Kinachongoja usiku mrefu ni lile shada la maua mengi kwenye ncha. Pia mche mchanga, kabla haujafika umri fulani, hausikii lolote hata usiku ukiwa mrefu vipi, na urefu wa utoto huo umeandikwa katika jeni pia.

Tuje nyumbani. Mji wa Unguja uko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na Chake Chake iko juu yake kidogo, nyuzi 5 na robo. Hapa kwetu siku ndefu kuliko zote, karibu na tarehe 21 Desemba, ina saa 12 na dakika zisizotimia 30. Iliyo fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Juni, ina saa 11 na dakika 46 au zaidi kidogo. Tofauti ya mwaka mzima ni kama dakika 40 tu. London, katika mwaka huo huo, hutoka chini ya saa 8 hadi zaidi ya saa 16 na nusu. Hata tukiuhesabu mwanga wa alfajiri na wa magharibi, ambao kwetu ni mfupi kwa vile jua huzama wima, siku yetu ndefu kabisa haivuki sana saa 13. Chukua sasa ile mbegu ya Ulaya yenye kikomo cha saa 14 na uipande Dole au Machomane, mwezi wowote unaoutaka. Itaota, kwa kweli, na jua lipo na mvua ipo. Lakini tangu siku ya kwanza usiku utakuwa umeshatimia, na mara mche utakapotoka utotoni utachanua ukiwa mfupi, kama ile miche ya Tournois ndani ya nyumba ya vioo, na nyuzi zilizokuwa zikitarajiwa hazitapatikana kwa sababu shina halikupewa muda wa kurefuka. Wakulima wa sehemu zenye joto za Australia walikutana na jambo hili walipopanda katani za Ulaya, ikabidi watafute mbegu zinazochelewa, zikiwemo za China. Kwa hiyo si kweli kwamba mmea huu hauchagui pahala. Huchagua sana, na huchagua kwa kalenda.

Mtu anaweza kusema kwamba dakika 40 ni kitu gani, na kwamba mimea ya Ikweta haina haja ya kuhesabu. Hapo tena anakosea. Huko Malacca, katika Rasi ya Malaya, nyuzi 2 tu kutoka Ikweta, tofauti ya siku ndefu na siku fupi ni dakika 14. Mwaka 1959 zilichapishwa habari za mpunga wa huko uitwao Siam 29: ulipopandwa Januari ulichukua siku 329 hadi kuchanua, na ulipopandwa Septemba ulichukua siku 161. Mpunga ule ule, udongo ule ule, na dakika 14 tu za mwanga, zikaleta tofauti ya karibu miezi sita. Kila ninapozisoma tarakimu hizi humkumbuka marehemu mama yangu, aliyekuwa akikataa katakata kupanda mbaazi wakati wa vuli. Alisema mbaazi wa vuli hutoa kuni, hautoi mbaazi. Aliyajua bila ya kuwa na saa: mbaazi uliopandwa vuli huingia kaskazi wakati siku zinarefuka na joto linapanda, ukaendelea kujaza majani na shina, na maua yake huyaweka mpaka siku zianze kupungua na kusi lianze kupoza, yaani karibu pamoja na ule uliopandwa na mvua za masika. Miezi ile ya katikati shamba limekaliwa bure, na wadudu wamepata nyumba.

Kwa kutojua haya, tunapokea mbegu kwa kutazama picha iliyo kwenye mfuko. Soya ni mfano mkubwa kuliko wote. Kwa miaka mingi soya za Marekani zilipopelekwa kwenye nchi za joto zilichanua mapema mno, zikazaa punje chache kwenye vishina vifupi, na watu wakadhani udongo wa nchi za joto haufai. Wabrazili katika miaka ya 1970 walitafuta ndani ya soya zenyewe jeni za utoto mrefu, zinazoufanya mche usikie usiku kwa kuchelewa, wakazitia katika mbegu zao, na leo Brazili, ambayo sehemu kubwa ya mashamba yake iko karibu na Ikweta kuliko ya Marekani, ni mzalishaji mkubwa wa soya duniani. Udongo nao waliushughulikia kwa chokaa na mbolea, sikatai, lakini bila jeni zile chokaa isingewarefushia shina. Mpunga ulikwenda njia nyingine: IR8, iliyotolewa mwaka 1966 na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kilichoko Ufilipino, haikujali urefu wa siku, ndiyo maana iliweza kupandwa msimu wowote na katika nchi nyingi. Faida yake ni kubwa. Hasara yake, ambayo sijaisoma sana ikisemwa, ni kwamba mbegu za aina hiyo haziwezi kungojana. Bonde lenye mpunga wa kienyeji huiva kwa pamoja hata kama jirani alichelewa kupanda wiki mbili, na hasara ya ndege na panya hugawanyika kwa wote. Bonde lenye mbegu zisizojali siku huiva kwa vipande, kila mtu kwa tarehe yake, na aliye wa kwanza na aliye wa mwisho huliwa. Sisemi turudi nyuma. Nasema anayebadilisha mbegu ya bonde zima ajue anabadilisha pia saa ya bonde zima.

Kwa haya, Ndugu Mhariri, ninayo maombi kwa Wizara ya Kilimo na kwa watafiti wetu wa Kizimbani. Mbegu yoyote ya mpunga, soya, mbaazi, mtama au kunde inayoingizwa visiwani kutoka nje iandikwe kwenye mfuko wake, kwa Kiswahili kinachosomeka, imezalishwa katika nchi iliyo umbali gani kutoka Ikweta, na kama hujali au haijali urefu wa siku. Isiuzwe kwa wakulima kabla haijajaribiwa hapa Unguja na Pemba kwa misimu yote miwili, masika na vuli, kwa sababu matokeo ya masika hayatabiri ya vuli hata kidogo, na mbegu iliyosifiwa Morogoro au Arusha haijasifiwa Micheweni. Mabwana shamba na mabibi shamba wapewe kalenda ya mwanga wa kila wilaya. Ni karatasi moja tu, na mwanafunzi wa jiografia anaweza kuitengeneza kwa siku moja. Mbegu za wazee wetu za mpunga na mbaazi zikusanywe na zihifadhiwe kabla hazijapotea, maana ndani yake mna vikomo vilivyopimwa kwa ajili ya nyuzi 5 na 6 za kusini na vizazi vya wakulima, na hatutavipata kwenye duka la mbegu la nchi yoyote.

Kwa wenye nyumba, maghala na maduka kando ya mabonde, ombi langu ni dogo zaidi. Mpunga unapokuwa kondeni na bado haujatoa suke, taa zao zielekezwe chini au zizibwe upande wa shamba, kama alivyofanya yule jirani yetu kwa kipande cha bati. Kwa mwenye taa ni kazi ya asubuhi moja na misumari minne. Kwa yule mama wa chini ya taa ilikuwa ni chakula cha watoto wake cha mwaka mzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Wete, Pemba